Ngome Iliyofunguliwa kutoka Ndani: Mafunzo ya Magofu ya Daulatabad

Mtu anayesoma historia kwa nia ya kujifunza uongozi hana budi kujiuliza kila mara maswali mawili: nani alijenga, na nani alifaidi? Maswali hayo ni mepesi kuyauliza darasani. Yanakuwa mazito zaidi mtu anapoyauliza akiwa amesimama mbele ya jiwe lenyewe. Sisi tulipata nafasi ya kuyauliza mbele ya magofu ya ngome ya Daulatabad, katika jimbo la Maharashtra, magharibi mwa India. Katika makala hii tutaeleza tuliyoyaona huko, na kisha tutajaribu kuonyesha kwa nini ngome hiyo, ambayo watu wa zama zake waliamini kwamba haiwezi kutekwa, ilibadili mabwana mara kwa mara.

Tumechagua jambo hili kwa sababu mbili. Kwanza, ngome ni chombo cha dola kinachoonekana kwa macho. Mwenye kuelewa ngome ameanza kuelewa dola. Pili, mmoja wa watu waliotawala kutoka Daulatabad alikuwa Mwafrika aliyefika India akiwa mtumwa. Kada wa Afrika akisikia habari hiyo huona fahari, na si vibaya. Lakini fahari isiyochunguzwa haimsaidii mtu. Tunataka kujua ni kitu gani hasa cha kuonea fahari.

Jabali na kuta zake

Daulatabad iko kilomita 15 hivi kutoka mji uliojulikana kwa muda mrefu kwa jina la Aurangabad, na ambao tangu mwaka 2023 unaitwa rasmi Chhatrapati Sambhajinagar. Kutoka barabarani mgeni huona kilima kimoja kilichosimama peke yake katika uwanda, kimechongoka juu, urefu wake takriban mita 200. Akisogea karibu huona jambo la ajabu. Sehemu ya chini ya kilima haina mteremko. Imechongwa na binadamu pande zote mpaka ikawa ukuta wa jabali uliosimama wima, makumi ya mita kwenda juu, hakuna pa kukanyaga wala pa kushika. Chini ya ukuta huo kuna handaki lililochimbwa ndani ya mwamba na kujazwa maji.

Kabla ya kulifikia handaki hilo adui alipaswa kupenya kuta tatu, mmoja ndani ya mwingine. Ukuta wa nje huitwa Ambarkot, wa kati Mahakot, na wa ndani Kalakot. Malango yake yana milango mizito iliyopigiliwa miiba ya chuma, ili tembo wa vita wasiweze kuivunja kwa vichwa. Tena njia ya kupita katika malango imepindwa makusudi, ili tembo asipate nafasi ya kukimbia na kupata nguvu.

Baada ya kuvuka handaki kwa daraja jembamba, tuliingia katika njia inayoitwa Andheri, yaani ya giza. Ni njia iliyochimbwa ndani ya jabali, yenye ngazi zisizolingana na kona nyingi. Tulipita humo kwa mwanga wa tochi, popo wakiruka juu ya vichwa vyetu. Wenye kuwaongoza wageni hueleza kwamba adui aliyefika hapo alimwagiwa mafuta ya moto kutoka juu, au njia ilijazwa moshi mpaka akakosa pumzi. Mbele yetu walikuwapo wanafunzi wa shule, wavulana kwa wasichana, wakipiga kelele ili wasikie mwangwi. Tukawaza kwamba njia iliyochimbwa ili kuua sasa imekuwa mchezo wa watoto, na hayo ni maendeleo.

Jasho la nani?

Ngome ilianza kupata umuhimu mwaka 1187 hivi, wakati Bhillama wa ukoo wa Yadava alipojitangaza mfalme na kuufanya mji huu kuwa makao yake. Wakati huo uliitwa Devagiri, mlima wa miungu. Wafalme wa Yadava walikumbukwa kwa majina. Waliochonga jabali hawakukumbukwa hata mmoja.

Ufundi wao hata hivyo haukuanguka kutoka mbinguni. Mwendo mfupi kutoka hapo yako mapango ya Ellora, na miongoni mwake hekalu la Kailasa, ambalo katika karne ya 8 lilichongwa kutoka juu kwenda chini katika jabali moja. Kwa hiyo eneo hili lilikuwa na mafundi waliorithishana kazi ya kukata mwamba kwa vizazi vingi. Kazi ileile iliyotumika kumchongea mungu nyumba ilitumika kumchongea mfalme kinga.

Na mafundi hao walikula nini? Walikula nafaka ya wakulima wa uwanda wa Deccan. Huo ndio msingi wa jambo lote. Jembe la mkulima lilitoa ziada, ziada ikachukuliwa kwa jina la kodi, kodi ikalisha askari na waashi, na waashi wakajenga ukuta wa kumlinda mwenye kuchukua kodi. Kijiji chenyewe kilibaki nje ya ukuta. Jeshi la adui lilipokuja, mazao yaliyochomwa yalikuwa ya mkulima, ng'ombe walioswagwa walikuwa wake, na baada ya vita alidaiwa kodi na bwana mpya.

Lakini umma haukukaa kimya hata katika zama hizo. Mwaka 1290, katika utawala wa Ramachandra wa Devagiri, kijana aitwaye Dnyaneshwar alitoa ufafanuzi wa Bhagavad Gita kwa Kimarathi, lugha ya watu wa kawaida, badala ya Kisanskriti kilichokuwa mali ya wasomi wachache. Ufalme wa Yadava ulitoweka miaka isiyofika 30 baadaye. Kazi ya Dnyaneshwar inasomwa mpaka leo. Sisi tunaotumia Kiswahili kuwaunganisha watu wa makabila mengi hatuhitaji kuelezwa sana maana ya jambo hilo.

Magunia ya chumvi

Mwaka 1296 Alauddin Khalji, ambaye bado hakuwa Sultani wa Delhi, aliivamia Devagiri kwa ghafla. Sehemu kubwa ya jeshi la Yadava ilikuwa mbali pamoja na mwana wa mfalme. Ramachandra akakimbilia juu ya jabali na kufunga malango. Kwa hesabu ya kijeshi alikuwa salama: hakuna mtu angeweza kuupanda ukuta ule. Lakini mwandishi wa historia Firishta anasimulia kwamba magunia yaliyopandishwa haraka ngomeni, yakidhaniwa kuwa ya nafaka, yalipofunguliwa yalikutwa na chumvi. Mfalme akalazimika kuomba amani na kutoa mali nyingi mno.

Firishta aliandika miaka mia tatu baadaye, na huenda habari ya chumvi imetiwa chumvi. Hata hivyo kiini chake ni cha kweli, yaani kwamba jabali haliliwi. Nguvu ya ngome ilikuwa katika shamba la mkulima lililokuwa nje ya ngome, na mfalme aliyejitenga na shamba hilo kwa kuta tatu na handaki alikuwa amejitenga na uhai wake mwenyewe. Mali iliyochukuliwa Devagiri ilimsaidia Alauddin kununua wafuasi na kunyakua kiti cha Delhi mwaka uleule. Mwaka 1318 ufalme wa Yadava ulifutwa kabisa.

Mwaka huohuo msikiti mkubwa ulijengwa chini ya jabali, na nguzo zake zilitolewa katika mahekalu. Tuliziona nguzo hizo. Baada ya eneo hili kuingizwa katika India mwaka 1948, ndani ya msikiti huo kuliwekwa sanamu ya Bharat Mata, Mama India, na ndivyo mahali hapo panavyojulikana sasa. Nguzo zimebaki zilezile. Kila aliyeshika madaraka alizitwaa kazi za mikono ya watu waliotangulia na kuzipa jina jipya. Mji wa jirani nao umebadilishwa jina mara kwa mara kwa njia hiyo. Mwanafunzi wa historia asikubali kubishana juu ya majina tu huku akisahau mikono.

Amri ya kuhama

Sasa tufike kwenye tukio lililoipa Daulatabad sifa mbaya katika vitabu. Muhammad bin Tughluq alitawala Delhi toka mwaka 1325 mpaka 1351. Mwaka 1327 aliamua kwamba Devagiri, aliyoiita Daulatabad, yaani mji wa neema, iwe makao makuu ya dola yake. Maofisa, masheikh, wanazuoni na jamaa zao waliamriwa kuondoka Delhi na kusafiri zaidi ya kilomita elfu moja kwenda kusini.

Tukio hili linatakiwa kuchunguzwa kwa haki. Waandishi wengi wamemwita Sultani huyu mwendawazimu. Miongoni mwa waliosambaza habari zake ni Ibn Battuta, msafiri yuleyule aliyefika Kilwa mwaka 1331 na kumsifu Sultani al-Hasan bin Sulaiman kwa ukarimu wake. Kutoka pwani yetu alizunguka nchi nyingi, akafika India, na Sultani wa Delhi akampa kazi ya ukadhi. Ibn Battuta anaeleza jinsi watu walivyoswagwa kutoka Delhi, na kwamba kipofu mmoja aliburutwa njiani mpaka ukabaki mguu wake tu. Lakini yeye alifika India miaka kadhaa baada ya uhamisho huo. Aliyoyaandika ni aliyoyasikia barazani. Mwandishi mwingine, Barani, alikuwa mtu wa baraza la Sultani na baadaye akapoteza cheo. Wanahistoria wa leo wanaona kwamba Delhi haikubaki tupu kama Barani anavyodai, na kwamba waliohamishwa hasa walikuwa tabaka la juu na watumishi wao. Kada ajifunze hapa kwamba ushahidi wa maandishi nao una mwenyewe, na mwenyewe ana tabaka lake na kinyongo chake.

Tena wazo la Sultani lilikuwa na mantiki. Dola yake ilikuwa imepanuka mpaka kusini ya mbali, na Delhi ilikuwa pembeni kabisa mwa kaskazini. Daulatabad ilikuwa karibu zaidi na katikati, na ilikuwa na ngome imara. Mtu anayetazama ramani tu atamuunga mkono.

Kasoro ilikuwa katika njia. Waliohamishwa hawakushauriwa wala kushawishiwa. Walipewa amri, na wenye kuisita wakaadhibiwa. Wengi waliteseka njiani, na waliofika walijiona wako uhamishoni. Miaka michache baadaye Sultani aliwaruhusu kurudi, na safari ya kurudi ikaleta mateso mengine. Na hivyo ndivyo alivyofanya katika mambo yake mengine. Alipandisha kodi katika ardhi iliyo kati ya mito Ganges na Yamuna, wakulima wakaacha mashamba, na njaa ikafuata. Alitoa sarafu za shaba zitumike kwa thamani ya sarafu za fedha, bila kuweka njia madhubuti ya kuzuia bandia. Watu wakazifua majumbani, na mwishowe hazina ikalazimika kuzikusanya na kuzilipia. Katika kila jambo lilikuwapo wazo, na katika kila jambo alikosekana mtu wa kumwambia Sultani kwamba watu hawako pamoja naye. Waliojaribu kumwambia waliogopa. Ibn Battuta anasimulia habari za gereza la ngome ya Daulatabad, alizoambiwa na mfungwa wa zamani, kwamba mlikuwa na panya wakubwa kuliko paka, wakiwavamia wafungwa usiku. Penye gereza la namna hiyo ushauri wa kweli haupatikani.

Mwisho wake ulikuwaje? Mwaka 1347 maofisa wa Deccan walioitwa maamiri wa mia, baada ya kusikia kwamba wenzao wa Malwa wameuawa kwa amri ya gavana wa Sultani, waliasi. Wakaitwaa Daulatabad pamoja na hazina yake. Sultani alikuja na jeshi kuizingira, lakini maasi yakazuka Gujarat, ikambidi aondoke. Hapo ndipo ulipozaliwa usultani wa Bahmani, uliotawala Deccan kwa zaidi ya karne moja. Ngome aliyoichagua Muhammad bin Tughluq ili imlinde ndiyo iliyogeuzwa kuwa silaha dhidi yake, tena na maofisa wake mwenyewe.

Mtumwa aliyekuwa mtawala

Ukuta wa nje wa Daulatabad, tulisema, huitwa Ambarkot. Umeitwa hivyo kwa ajili ya Malik Ambar. Alizaliwa Ethiopia karibu mwaka 1548, na jina linalotajwa la utoto wake ni Chapu. Hakutoka mwambao wetu wa Waswahili, lakini alipita katika biashara ileile ya bahari iliyowameza watu wetu. Aliuzwa Arabuni, akafikishwa Baghdad, akasilimishwa na kufundishwa kusoma, kuandika na kuhesabu. Kisha aliuzwa tena Deccan, kwa Chingiz Khan, waziri mkuu wa Ahmadnagar, ambaye naye alikuwa Mhabeshi aliyepata kuwa mtumwa.

Masultani wa Deccan waliwanunua Wahabeshi wawe askari, kwa sababu mtumwa wa kigeni hana ukoo wa kumtetea wala ardhi ya kutegemea, na hivyo hutazamiwa kumtii bwana wake peke yake. Utumwa wa namna hiyo uliacha mlango ambao utumwa wa mashamba ya Amerika uliufunga kabisa: bwana akifa, mtumwa hodari aliweza kupata uhuru na cheo. Tuseme wazi kwamba mlango huo ulikuwa wa wachache. Kwa kila Malik Ambar mmoja kulikuwa na maelfu waliokufa vitani bila jina.

Mwaka 1600 majeshi ya Mogul yaliuteka mji wa Ahmadnagar. Ufalme ulionekana umekwisha. Ambar, akiwa na kikosi chake, alikataa kusalimu. Alimweka mtu wa ukoo wa kifalme kitini, naye akashika madaraka yote kama mlezi wa ufalme, na kwa muda wa miaka 26 akawazuia Wamoguli, dola kubwa kuliko zote katika India ya wakati huo. Mwaka 1610 alianzisha mji wa Khadki katika uwanda ulio karibu na Daulatabad, ndio ule uliokuja kuitwa Aurangabad, na akautengenezea mifereji ya maji ya chini kwa chini.

Alishinda kwa njia gani? Hapa ndipo penye somo. Kwanza, hakujifungia ngomeni. Aliwatumia wapanda farasi wa Kimarathi, wazalendo wa milima ile, waliojua kila kijito na kila njia ya mbuzi. Waliepuka vita vya uwanjani, wakashambulia misafara ya chakula, wakapiga usiku na kutoweka. Mwaka 1624 huko Bhatvadi alibomoa kingo za ziwa ili maji yageuze kambi ya adui kuwa tope, kisha akalishinda jeshi la pamoja la Mogul na Bijapur. Pili, alitengeneza upya utaratibu wa kodi. Ardhi ilipimwa na kupangwa kwa kadiri ya rutuba yake, na kodi ikatazama mavuno. Aliondoa desturi ya kuwauzia matajiri haki ya kukusanya kodi, desturi iliyomfanya mkulima akamuliwe na mtu asiyejali kama shamba litalimwa mwaka kesho. Mkulima aliyejua atakachodaiwa alikuwa na sababu ya kulima, na mwanawe alikuwa na sababu ya kupanda farasi na kupigana.

Jahangir, mfalme wa Mogul, alishindwa kumpata vitani. Akaamuru achorwe picha, karibu mwaka 1616, ambamo yeye mwenyewe anakilenga mshale kichwa cha Ambar kilichotundikwa juu ya mkuki. Picha hiyo ipo mpaka leo, na ni ushahidi wa kushindwa kwa aliyeiagiza. Ambar alikufa mwaka 1626, akiwa na umri wa miaka karibu 80, kichwa chake kikiwa mahali pake.

Mwaka 1633

Tungeweza kuishia hapo, na wasomaji wetu wangefurahi. Lakini historia haikuishia hapo.

Malik Ambar alikuwa mtawala wa zama za ukabaila. Alipunguza ukali wa kodi, hakuondoa wenye kula kodi. Alimwoza binti yake kwa Sultani, akajifunga katika ukoo wa kifalme. Aliwatumia wakulima wa Kimarathi kama wapiganaji wake, lakini hakuacha chombo chochote ambacho kwacho wangeweza kuendeleza mapambano bila yeye. Madaraka aliyoyapata kwa uwezo wake aliyaacha kwa mwanawe, Fath Khan, kama urithi wa nyumba.

Fath Khan alirithi ngome, lakini hakurithi imani ya watu. Alimuua Sultani na kumweka mtoto mdogo kitini. Akawa anaegemea huku na huku, leo Mogul, kesho Bijapur. Kati ya mwaka 1630 na 1632 njaa kubwa iliikumba Deccan na Gujarat. Mvua zilikosekana, na majeshi yalikuwa yamemaliza kidogo kilichobaki. Wapiganaji walioletwa na mashamba walitawanyika, maana mashamba yenyewe yalikufa. Mwaka 1633 Mahabat Khan, jemadari wa Mogul, aliizingira Daulatabad. Kuta za nje zilivunjwa kwa baruti. Jabali lenyewe halikuvunjwa. Ndani yake mlikuwa na njaa na maradhi, na Fath Khan akakubali masharti, akapokea fedha, akatoa funguo. Mwana wa mtu aliyewashinda Wamoguli kwa miaka 26 aliwafungulia mlango yeye mwenyewe, miaka saba tu baada ya kifo cha baba yake.

Wamoguli nao waliifanya ngome hiyo gereza. Humo, katika jengo liitwalo Chini Mahal, alifungiwa Abul Hasan, mfalme wa mwisho wa Golconda, baada ya ngome yake kuanguka mwaka 1687. Golconda nayo haikutekwa kwa kupandwa kuta. Ofisa mmoja alihongwa, akafungua lango usiku.

Mafunzo

Kutokana na hayo tunapata mafunzo manne.

La kwanza ni kwamba kuta hupima hofu ya mtawala, wala hazipimi nguvu yake. Katika miaka mia tano tuliyoieleza, Daulatabad ilishindwa kwa njaa, kwa maasi ya maofisa na kwa fedha. Mambo yote matatu hutoka ndani. Kila kizazi cha watawala kiliona mwenzake ameanguka, na jibu lake likawa kuongeza ukuta mwingine.

La pili ni kwamba wazo sahihi likitekelezwa kwa amri tupu hugeuka kuwa adhabu. Muhammad bin Tughluq alikuwa msomi, na alikuwa na ramani nzuri. Hakuwa na mtu wa kumwambia ukweli, kwa sababu alikuwa ameufanya ukweli kuwa kosa. Kiongozi anayesikia sifa tu ajiulize kama gereza lake halijawa karibu mno na ofisi yake.

La tatu ni kwamba asili ya mtu haitoshi kumfanya awe mwakilishi wa walio chini. Malik Ambar alitoka chini kuliko wote, na rangi yake ni yetu. Tunachokionea fahari kwake ni kule kumtegemea mkulima na kujifunza kwa wenyeji wa nchi, wala si kiti alichokalia. Siku mwanawe alipokitegemea kiti na kumsahau mkulima, rangi haikumwokoa.

La nne, nalo ndilo gumu zaidi kwa kila chama na kila dola, ni kwamba kazi inayomtegemea mtu mmoja hufa naye. Uhodari wa kiongozi hupimwa pia kwa kile kinachoweza kufanywa na watu bila yeye. Kipimo hicho Malik Ambar, pamoja na ukubwa wake wote, hakukifikia.

Tulipofika kileleni tulikaa kupumzika. Kutoka huko mtu huona uwanda wote: mashamba, vijiji, moshi wa majiko, na barabara iendayo Khuldabad, alikozikwa Malik Ambar, na alikozikwa pia Aurangzeb, mfalme wa Mogul aliyekufa mwaka 1707 baada ya kutumia nusu ya utawala wake kupigana katika Deccan hiyohiyo. Adui wa vizazi viwili wamelala katika mji mdogo mmoja. Tuliposhuka, akina mama walikuwa wameketi nje ya lango la Ambarkot wakiuza mapera, yaliyolimwa palepale katika uwanda. Yadava, Khalji, Tughluq, Bahmani, Nizam Shahi na Mogul wote wamepita. Mkulima bado yuko mahali pake, nje ya ukuta, na bado ndiye anayelisha.

Kada anayerudi kutoka mahali kama hapo, au anayesoma habari zake, ajiulize katika kazi yake mwenyewe: je, mimi nasimama upande gani wa ukuta?